Mume wa Susu

Mbaazi mbichi zikichemka hutoa harufu ya majani na udongo, na hata leo nikipita nje ya hoteli nikainusa, mate hunijaa na moyo hunishuka papo hapo. Kwetu, karibu na Kanyangi, bakuli la kwanza la mbaazi lilikuwa langu. Si kwamba nilikuwa mtoto mzuri kuliko wenzangu. Nilikuwa mume wa Susu.

Wacha nieleze, maana asiye Mkamba atafikiria mengine. Susu ni nyanya, mama ya baba yangu. Nilipewa jina la mumewe, Mutua, aliyefariki kabla sijazaliwa, na kwa desturi yetu nyanya humtania mjukuu wa aina hiyo kwamba ndiye bwana yake. Basi hata kabla sijaanza shule nilikuwa nadaiwa leso mpya na nyama ya Krismasi, la sivyo angerudi kwao. Watu walicheka, nami nilijiona mkubwa kweli.

Mzaha uliisha lini, sijui. Hakuna aliyejua, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa darasa la tano nilipoingia jikoni jioni moja nikamkuta akichagua ndengu. Aliniangalia bila kutabasamu.

"Mutua, ulisema Mombasa ni miezi mitatu," akasema. "Hawa watoto nimekuwa nikiwalisha nini?"

Baba mdogo Kioko alicheka mpaka akashika ukuta. "Jibu bibi yako, mbona unanyamaza?"

Nilijaribu kucheka pia. Lakini machozi yalikuwa yakimtiririka Susu, na ndengu zilikuwa zikimwagika chini bila yeye kuona. Babu alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi kweli, na pesa zilikuwa zikija kwa nadra. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, ila sisi tuliuona usaha tukaendelea kucheka.

Kicheko kilikauka alipoanza kukataa chakula. Mama akagundua kwamba kuna mtu mmoja tu anayesikizwa. "Enda umwambie akule," alikuwa akinituma, sauti yake imechoka. "Wewe ndio anakuskia." Kina mama wa kanisa walikuja wakamwekea mikono. Aliimba nao bila kukosa neno, kisha baada ya amina akawauliza wametoka wapi. Kwenye zahanati tuliambiwa ni uzee tu, tukarudi nyumbani na dawa za maumivu.

Kila jioni nilisimama mbele yake na sahani.

"Umerudi kabisa?" aliuliza.

"Nimerudi."

Hapo ndipo alipokula. Kesho yake aliuliza tena, na uso wake ulikuwa na hofu ileile. Nilikuwa mtoto; nilitaka kwenda kucheza mpira. Niliogopa macho yake, nikaona aibu kuyaogopa.

Kisha nikapata nafasi katika shule ya bweni huko Makueni. Asubuhi ya kuondoka Susu alilishika sanduku langu la bati kwa mikono miwili. Nilimwambia naenda shule. "Hata ile siku ingine ulikuwa na sababu," akasema polepole. Mama alimbandua vidole kimoja kimoja, naye mwenyewe akilia.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kuhusu ugonjwa huo wa kusahau, na kwamba hata kama tungeujua mapema hakuna dawa ambayo ingeuondoa. Nilidhani kujua kungenipa nafuu. Niliona tu kitu ambacho mtoto hangeweza kukiona: sisi tulisema Susu anasahau, kumbe alikuwa akiachwa upya kila siku, na kila siku ilimuuma kama ya kwanza.

Niliporudi likizo nilimkuta ameketi mlangoni, amekonda. Nilikimbia kwenda kumsalimia. Akanijibu kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni, akamuuliza mama huyu kijana ni wa nani.

"Ni mimi, Susu. Ni Mutua," nikasema. Siku hiyo ningekubali kuitwa mume mbele ya shule nzima.

"Mutua hayuko," akaniambia. "Ako Mombasa. Kaa hapo, atakuja."

Nilivuta kiti nikaketi kando yake, tukamngoja.