Kupe Wasiokufa na Mzee Aliyekataa Josho

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Alhamisi ya kuogesha ng'ombe, katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Rujewa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu nyuma, nimeajiriwa kuwa bibi mifugo. Nilizaliwa Iringa, katika nyumba ya wakulima wa mahindi. Ng'ombe wetu walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Usangu nilikabidhiwa mifugo ya kijiji kizima, nami nikajiona natosha.

Josho letu lilikuwa mfereji wa saruji uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe hujitosa upande huu, huogelea, na kutokea upande wa pili amelowa hadi masikioni. Kazi yangu ilikuwa kupima dawa na kuhakikisha kila mfugaji analeta mifugo yake. Alhamisi ile walileta wote isipokuwa Mzee Masunga, Msukuma aliyehamia bondeni na familia yake kutoka Shinyanga. Ilikuwa wiki ya tatu hajaonekana. Alikuwa ameniagizia mara mbili kwamba nifike kwake, kuna jambo anataka nilione kwa macho. Sikwenda. Niliona ni yeye anayepaswa kunifuata.

Siku hiyo, kazi ilipokwisha, nilimwendea nikiwa nimekasirika. Nilimkuta yeye, mkewe na wakwe zake wawili, wake za wanawe, wameinama katikati ya ndama, wanawachomoa kupe kwa vidole, masikioni na chini ya mkia, na kuwatupa katika kopo la makaa. Ndama hao walikuwa hawapelekwi malishoni wala joshoni. Walikatiwa majani na kuletewa hapo hapo zizini. Niliwaamkia, nikauliza kwa nini ananiharibia kazi.

"Binti, kupe wako hawafi," alisema bila kuinua uso. "Wanaoga, wanatakata, wanarudi kazini."

Wakwe zake wakacheka. Nikuambie ukweli, mwanangu, kicheko kile kiliniuma kuliko hoja yenyewe. Nikamweleza kwamba dawa ile imethibitishwa na wataalamu, na kwamba anahatarisha ng'ombe wa wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nisubiri kidogo, akachukue chupa ndani anionyeshe kitu. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki.

Jioni hiyo niliandika taarifa kwa Mtendaji wa Kata. Niliandika kwamba Mzee Masunga ni mkaidi na anapinga maendeleo. Kwa mtu aliyehamia, anayeishi katika ardhi ambayo wenyeji bado wanamhesabia miaka tangu alipofika, maneno hayo si mepesi. Aliitwa ofisini, akasimamishwa mbele ya watu wanaoweza kuwa wanawe, akaamriwa kuleta mifugo yote Alhamisi iliyofuata, ndama wakiwemo.

Alileta. Alipanga foleni kama wengine, akaniuliza habari za nyumbani Iringa, nami nikajibu kwa sauti ya mshindi. Ndama wake, ambao walikuwa hawajawahi kukanyaga uwanja ule uliojaa kupe wa kijiji kizima, walisimama hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri wakisubiri zamu yao.

Haikupita wiki ya tatu nikaitwa. Ndama walikuwa wamevimba tezi chini ya masikio, wanahema kwa shida, povu linawatoka puani. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Nilichoma sindano nilizokuwa nazo, lakini nilikuwa nimechelewa. Kati ya ndama kumi na mmoja, walipona wanne. Wengi wa waliokufa walikuwa majike, maana yake ni kwamba kundi la Mzee Masunga la miaka iliyokuwa inakuja lilifukiwa wiki ile nyuma ya zizi.

Hakunitukana. Alinipa ile chupa, akasema, "Mimi nilikuita uje uone. Wewe ukaniita ofisini."

Ndani ya chupa kulikuwa na kupe waliotolewa kwenye ng'ombe wa jirani siku mbili baada ya kuogeshwa. Walikuwa wanatembea.

Nilipanda basi kwenda Mbeya na chupa ile, pamoja na maji ya josho niliyoyachota. Huko maabara nilipokewa na daktari wa mifugo, mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alipima maji, akaniuliza nani anachanganya dawa. Nikasema ni mimi. Akauliza baada ya mvua napimaje. Nikamweleza kwamba paa la josho lilikuwa limeezuliwa na upepo, mvua ilikuwa inaingia, alama za vipimo ukutani zilikuwa zimefutika, nami nilikuwa nakadiria kwa macho. Dawa ilikuwa hafifu. Dawa hafifu huua kupe dhaifu na kuwaacha wale wachache wenye uwezo wa kuistahimili. Hao ndio huzaa, na vizazi vyao vikajaza kijiji. Huo ndio usugu, aliniambia, na wewe ndiye uliyeufuga.

Njiani kurudi, tulipokuwa tunapita Chimala, nilifikiri sana juu ya ukinzani, yaani kitu kukataa kile kinachokijia. Kupe hakuamua lolote. Alisalia tu, akazaa. Baba yangu Iringa alikuwa akitafuta mbegu ya mahindi yenye ukinzani dhidi ya magonjwa, akiipata anashukuru. Waya wa jiko la umeme unauzuia umeme usipite kwa urahisi, na kizuizi hicho ndicho kinachotupikia chai. Katika sayansi nilifundishwa kupima mambo hayo kabla ya kuyasema mema au mabaya. Lakini mtu aliponikatalia, mtu mwenye macho, sababu na hasara anayoiogopa, nilimhukumu bila kupima chochote.

Tulibadilisha aina ya dawa, tukaezeka paa, tukachora vipimo upya. Kisha niliandika taarifa ya pili, na nikaomba kuisoma mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Nilisoma kwamba Mzee Masunga alikuwa sahihi, kwamba aliniita mara mbili sikwenda, na kwamba kosa la dawa lilikuwa langu. Nilipomaliza, mzee alisimama nyuma ya watu.

"Soma tena pale penye jina lako," alisema. "Mke wangu hakusikia vizuri."

Watu walicheka, naye akacheka. Nikasoma tena.

Usidhani, mwanangu, kwamba kila anayekataa ana haki. Mwaka uliofuata mzee huyo huyo alikataa chanjo, na safari hiyo alikosea yeye. Ila nilikwenda kwake, nikaketi, nikauliza, nikajua kwamba huko nyuma sindano chafu iliwahi kuwaletea ng'ombe wake majipu. Nilichemsha sindano mbele yake. Alichanja nusu ya kundi, nusu akakataa, nami sikumwandika popote.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Ukipewa kazi inayokupa mamlaka juu ya watu, anayekukatalia mfuate alipo kabla hujaandika jina lake. Muulize ameona nini. Kagua kwanza kazi ya mikono yako, kwa sababu huenda unayemwita mkaidi ndiye wa kwanza kuliona kosa lako. Na ukikosea hadharani, tubu hadharani, hata kama aliyepoteza hatarudishiwa alichopoteza.

Mungu akupe masikio mapana kuliko cheo chako, akuepushe na aibu iliyonipata, na ikikupata, akupe mtu wa kukuambia usome tena.