Siku Kwaya Ilipoiombea Ofisi Isiyo Yangu

Hili jambo mnalonichekea kila tukikutana nimeona nilisimulie mwenyewe, aibu yangu niibebe kwa mdomo wangu, maana kila anayelisimulia anaongeza lake, na juzi nimesikia eti nilizimia. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa nafuu.

Mnajua nilikuwa katibu muhtasi kwenye kampuni moja ya mbao Mafinga, miaka tisa ya kujibu simu na kuchapa barua huku mashine zinapasua magogo nje, mpaka ukirudi nyumbani unaongea kama unagombana na mtu, na miaka yote hiyo droo yangu ya chini ilijaa madaftari ya hadithi (bosi alidhani ni kumbukumbu za vikao, alikuwa ananisifia kwa wageni). Tangu darasa la tano nilitaka kuandika kitabu, siyo cha kufundishia, cha hadithi, mtu akae akisome mpaka ugali uungue. Nilipotimiza miaka thelathini na nne nikaona nikisubiri kustaafu nitasahau hata majina ya wahusika, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikapanga chumba Kihesa, Iringa mjini, nikatafuta meza, nikaanza.

Kuacha kazi halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kwenye simu ya mama.

Mama yangu anaishi Tukuyu, na alikuwa amesikia kwa watu kwamba nimehama. Akaniuliza, "Unafanya nini Iringa?" Na mimi, nikijua kitabu kikiisha nitamweleza vizuri, nikasema, "Ofisi imenihamisha, mama." Neno moja tu. Akauliza, "Wamekupandisha cheo?" Nikanyamaza nikitafuta jibu, na ule ukimya yeye akauhesabu kuwa ni ndiyo. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linajua kwamba Atupele ni meneja wa mbao wa Iringa.

Miezi miwili ikapita, nimefika ukurasa wa sitini, nimetulia. Ijumaa moja asubuhi simu ikaita.

"Tuko Nyololo," mama akasema. "Dereva amesimama watu wachimbe dawa. Tunakuja Iringa kwenye tamasha la kwaya, tukifika tutapita ofisini kwako tuiombee."

"Wewe na nani, mama?"

"Kwaya nzima."

Kutoka Nyololo ni kama saa mbili hivi za basi. Mtu mwenye akili angezitumia saa hizo kutafuta namna ya kusema ukweli. Mimi nilizitumia kutafuta ofisi.

Nina rafiki anaitwa Sikujua, Mhehe wa hapo hapo Kihesa, anafanya kazi kwa wakili mmoja wa makamo, Mzee Salim, na bahati (niliita bahati wakati ule) Mzee Salim alikuwa amekwenda Mbeya kwenye kesi mpaka Jumamosi. Nikamwomba Sikujua kiti cha bosi wake kwa nusu saa. Alikataa mara tatu, ya nne akasema, "Usiguse faili hata moja, na wakitoka na wewe unatoka." Mlangoni palikuwa na kibao cha wakili, nikakifunika kwa kalenda ya kampuni yangu ya zamani, ile yenye picha ya magogo. Nikampigia mama nikamwelekeza njia, kisha nikakaa nyuma ya meza, nikashika peni. Nilijiona kabisa kwamba ningekuwa meneja mzuri.

Wakaja wanawake ishirini na nane kwenye kitenge cha kijani cha sare. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, meza, kabati na benchi la wateja, kwa hiyo wengine waliimba wakiwa kwenye veranda. Mama alitangulia na mkungu wa ndizi mbivu, akautua juu ya mafaili, akanitazama pale kitini, macho yakamjaa machozi, akasema "ndaga, ndaga" akimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa. Jamani, hapo moyo uliniuma. Nikataka kusema. Lakini Mama Tumaini, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa ameshafumba macho na kuweka mkono juu ya meza, na akianza kuomba huyo hamalizi upesi. Aliiombea meza, akakiombea kiti, akaziombea mbao zote zitakazopita katika ofisi hii zisiliwe na mchwa. Sikujua akatoroka kwenda kuchemsha chai.

Nilipofumbua jicho moja, Mzee Salim alikuwa amekaa kwenye benchi.

Kesi ilikuwa imeahirishwa jana yake, akarudi na basi la alfajiri. Ni mtu wa adabu sana, wazazi wake walitoka pwani, na yeye Mwislamu, lakini alikuta watu wako kwenye maombi akaona si ungwana kuwakatiza, akaweka mkoba mapajani akasubiri kwenye benchi la wateja wake mwenyewe. Amina ilipoitikiwa, mama akamwona, akamkatia ndizi mbili.

"Karibu baba, ule kwanza. Afisa atakusikiliza."

"Ahsante, bibi," Mzee Salim akasema, akazipokea.

"Umekuja kwa shida ya mbao?" Mama Tumaini akamuuliza.

"Hapana, dada. Nimekuja kazini."

"Kumbe mnafanya kazi pamoja. Basi bosi wako tumeshamwombea, atakutendea vizuri."

Mzee Salim akanitazama, ndizi mkononi. "Nashukuru kumfahamu," akasema.

Ndipo Sikujua akaingia na birika la chai, akamwona aliyeko kwenye benchi, akasema, "Wakili, shikamoo," na birika likamponyoka. Chai ikaenea sakafuni, akina mama wakainua vitenge, na katikati ya purukushani hiyo mama akauliza taratibu, "Wakili wa nani?"

Nikasimama. Nikasema yote, kwa mpangilio mbaya: kwamba ofisi si yangu, kiti si changu, sijahamishwa, niliacha kazi.

"Ulifukuzwa?" mama akauliza.

"Niliacha mwenyewe. Naandika kitabu."

"Kitabu cha nini?"

"Cha hadithi."

Mmoja wa nyuma akauliza kama ni hadithi za Mungu. Nikasema ni ya mwanamke anayeendesha lori la mbao. Mama akaenda akakaa kwenye benchi kando ya Mzee Salim, kama na yeye anasubiri zamu.

Mzee Salim akaniuliza, "Kiko wapi hicho kitabu?" Kilikuwa kwenye begi (sikiachi nyumbani, naogopa moto). "Basi tusomee. Maana umenikalia kiti, nijue angalau kimekaliwa na nani."

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Ukurasa wote ulikuwa unaeleza ukungu. Mama Tumaini akainua mkono kama darasani. "Mwanangu, ukungu tumeuona. Sasa huyo mwanamke anaondoka saa ngapi?"

Wakacheka, na mimi nikatamani sakafu inimeze pamoja na chai. Nikaruka mpaka pale lori linapokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga. Kicheko kikapungua. Kikaisha. Dereva wa basi lao alikuja kuwaharakisha akabaki amesimama mlangoni, mwisho akasema, "Hapo asikanyagekanyage breki. Ashushe gia." Nikaandika pembeni ya karatasi. Nilipofunga daftari mama akasema neno moja, "Endelea," lakini tamasha lilikuwa linawasubiri.

Kwenye ngazi ya basi akanishika mkono kwa nguvu. "Kule nimesema wewe ni meneja. Jumapili ijayo utakuja usimame mbele useme mwenyewe. Mimi siwezi kuusafisha uongo wako."

Nikaenda Tukuyu. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema mimi si meneja wa kitu chochote, naandika, na waliokuwa wameniandalia watoto wao niwatafutie kazi kwenye mbao wanisamehe. Watoto wenyewe walikuwa wanne, wamekaa safu ya mbele na bahasha za vyeti.

Sikujua hakufukuzwa, ila alininunia wiki tatu, na kwa kuwaomba radhi wote wawili nilimchapia Mzee Salim nyaraka zake kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Kitabu bado sijakimaliza. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi: simwambii tena mama neno la kumfurahisha ambalo itabidi niazime kiti cha mtu ili lionekane kweli.