Mvinyo wa Manjano wa Angèle

Asubuhi ile Angèle alikuwa uani anachuja munkoyo, kinywaji chake cha mahindi na mizizi, Damas amekaa kando anakunywa kikombe cha kwanza. Hakusema neno. Ndivyo alivyokuwa. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa umekatika tena. Kiwanda cha Damas hakikulipa tena watu, na nyumba ilikula kwa munkoyo wa Angèle.

Damas alikuwa na adui mmoja: chupa fupi, nene, ya mvinyo wa manjano. Iliachwa na Bwana Nicolas, Mfaransa aliyepikiwa na Angèle mpaka wazungu walipokimbia, mwaka ule askari walipopora miji. Angèle aliifunga ndani ya kitenge chake kizuri, akailaza chini ya kitanda, upande wake. Kitanda kilikuwa cha watu wawili. Damas aliona wanalala watatu.

Alipomaliza kuchuja, Angèle aliitoa chupa, akaanza kuifuta vumbi.

"Mama Arsène, ile bwana yako haujamaliza kumuosha?" Damas akauliza.

"Bado mugongo," akasema, akacheka.

Damas hakucheka. "Fungua leo. Ao umufuate kwao."

Angèle akamtazama, akaifungua. Akamimina vikombe viwili. Damas akaonja. Ulikuwa mkali, mkavu, unanuka karanga za kukaanga. Akatema. Yeye alijua munkoyo: ukikaa siku mbili tatu, unatupwa.

"Imeoza. Muzungu alikupa takataka."

"Haikuoza. Kwao wanaiacha ndani ya pipa miaka sita. Pipa inapunguka, hawaongeze kitu. Juu inatoka utando, hawauguse. Ule utando njo unaichunga. Alinielezea siku moja, anakunywa munkoyo yangu."

"Alikuwa anakunywa munkoyo yako?"

"Kila siku. Na kuuliza mizizi ninaitoa wapi."

Hilo Damas hakulijua. Angèle akanywa polepole, akafumba macho. Miaka yote ya ndoa, Damas hakukumbuka kumwona amefumba macho vile kwa ajili yake. Akanyakua chupa, akaimwaga yote mlangoni, udongo ukainywa. Angèle hakumzuia. Alijitwika ndoo yake ya munkoyo, akaenda sokoni.

Alirudi na homa. Kesho yake hakuamka. Hospitali haikuwa na dawa; Damas alitembea mji mzima kuzitafuta, akapata nusu. Akakaa kando ya kitanda, anamlowesha midomo kwa kitambaa. Hata pale wivu haukumwacha. Alijua hatapata siku nyingine ya kuuliza.

"Ulimupenda ile muntu?"

Angèle aligeuza uso ukutani, Damas akadhani amelala. Kisha akasema, na Damas hajasahau hata neno moja mpaka leo:

"Ile muzungu alisema munkoyo yangu iko muzuri, njo vile tu. Weye unaikunywa tangu tulioana. Miye ningali nangojea weye useme."