Shamba Letu la Kwenye Tivii

Binti yetu alipomaliza chuo alituletea zawadi ambayo hatukuiomba: mashine ya gemu, ndogo kama Biblia ya mfukoni, pamoja na vidude viwili vya vibonye. Mke wangu aliviita rimoti, nami sikuwa na neno bora. Binti akaiunganisha na tivii, akatuketisha kwenye kochi kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

"Hii gemu ni ya watu wawili wanaopendana," akasema. "Hakuna kupigana, hakuna kushindana. Munalima pamoja, munapumzika."

"Kulima ni kupumzika?" mama yake akauliza. Yeye alizaliwa milimani juu ya Bwera, na alishika jembe kabla hajashika kalamu.

"Mama, jaribu tu."

Nadhani binti alikuwa ameona. Mke wangu anauza vitenge Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na amepanga chumba nyuma ya duka. Aliondoka nyumbani kwetu Kasese kila Jumatatu asubuhi, akarudi Ijumaa jioni. Mwaka wa kwanza nilimpokea stendi. Mwaka wa pili nilimpokea mlangoni. Mwaka wa tatu nilisema "umerudi" bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, naye akajibu "nimerudi" huku akipita kwenda jikoni. Hatukuwa tumegombana. Kugombana kunataka nguvu.

Wiki moja kabla ya zawadi ile alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anavua viatu. "Hii barabara imenichosha," alisema. "Nafikiri nitakuwa nakuja mara moja kwa mwezi."

Nikasema, "Sawa."

Nina shahada mbili, na kwa miaka mingi nimeandika makala za kuwaeleza watu wengine namna ya kuishi. Neno nililolipata siku hiyo lilikuwa sawa. Nilijua kwamba mara moja kwa mwezi itakuwa mara moja kwa miezi miwili, kisha Krismasi, kisha mazishi ya jamaa. Nilijua, na nikarudi kwenye gazeti langu.

Lakini mashine ilipofika, mpango huo wa mara moja kwa mwezi alikuwa bado hajauanza. Basi tukalima, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, umeme ukiwepo. Gemu yenyewe ilikuwa rahisi. Kuna watu wawili wadogo wenye vichwa vikubwa, mwanamume na mwanamke, wamepewa pori. Wanafyeka, wanapanda, wanachota maji mtoni, wanavuna. Jioni kila mmoja anaingia kitandani kwake, na siku haiishi, wala kazi yake haihifadhiwi, mpaka wote wawili wamelala. Mmoja akikataa, mwenzake anabaki amelala macho wazi, anamngoja. Kanuni hiyo niliiona ya kitoto.

Jumamosi za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Mke wangu alitumbukia mtoni mara tatu mfululizo, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikata mti ukaziba mlango wa nyumba yetu. Katikati ya palizi alinisimulia habari za wateja wake kutoka Kongo, nani amefiwa, nani anamwoza binti. Nilikuwa sijasikia habari hizo, au nilikuwa nimezisikia nikiwa nyuma ya gazeti.

Kisha nikaanza kupanga. Mtu aliyesoma hawezi kuona jambo linaendelea vizuri asilitengenezee mpango. Nilinunua daftari, nikachora ramani ya shamba. Na hapa lazima nieleze kitu. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Baba yangu alikuwa askari aliyeletwa huku kutoka mashariki ya nchi. Sina lugha ya mlima, na mke wangu hana lugha ya baba yangu, kwa hiyo ndoa yetu imeishi kwa Kiswahili: chake cha sokoni, cha kupatana, na changu cha kambini, cha kuamrisha.

"Maji! Leta maji hapa! Kushoto! Haraka!"

"Ndiyo, afande," alisema, bila kucheka.

Mimi sikusikia kwamba hakucheka. Nilikuwa nimegundua kwamba gemu ile ina kahawa. Nikaipanda yote juu kwenye mteremko, upande wangu, safu nne zilizonyooka. Maharagwe, viazi na mboga nikaviweka chini, upande wake. Sikufikiri hata kidogo. Ndivyo mashemeji zangu wanavyopanda huko mlimani, na kwa miaka ishirini nilikuwa nimewaonea wivu kwa kahawa yao.

Jumamosi moja kamwanamke kake kalisimama mtoni, ndoo mkononi, kakaacha kutembea.

"Kahawa ni ya nani?" mke wangu akauliza.

"Ni yetu."

"Nani anavuna?"

"Mimi, lakini mama, hiyo ni—"

"Na maji yake, nani anabeba?"

Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa ramani.

"Hata ndani ya tivii iko vilevile," akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Kule kwetu juu, kahawa ilikuwa ya baba, maharagwe ya mama. Maji ya kuosha kahawa alibeba mama. Nikasema mimi nitaolewa na mutu wa kambi, hana hata muti moja ya kahawa. Na ona. Umeitafuta mpaka umeipata ndani ya gemu."

Kamwanamke kakageuka, kakaingia nyumbani mchana kweupe, kakalala. Mke wangu akaweka rimoti juu ya kochi, mikono mapajani. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa wazi: kumpeleka kamwanamume kangu kitandani, siku iishe. Lakini safu moja ilikuwa imeiva. Nikasema moyoni, nimalize hii kwanza. Ninaandika hili kwa aibu: nilivuna, naye akawa ananitazama nikivuna. Kisha umeme ukakatika, siku nzima ikapotea kwa sababu hatukuwa tumelala wote wawili.

Jumatatu aliondoka. Jioni nikaona mashine haipo. Mezani, kando ya kisahani cha chumvi, palikuwa na rimoti moja.

Wiki nzima niliichambua rimoti ile kama mtihani wa chuo. Ameisahau? Ameniachia makusudi? Ni talaka au mwaliko? Peke yake haina kazi. Ukiibonyeza inawasha taa ndogo, inatafuta mashine yake kwa muda, inazimika. Ijumaa hakuja. Jioni simu ikalia kwa ujumbe: "Umeme ya Bwera iko muzuri." Hapakuwa na neno jingine.

Jumamosi asubuhi nikapanda gari. Tulipopita Kinyamaseke tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, tukashushwa, mifuko ikafunguliwa. Askari kijana akaitoa rimoti kwenye mfuko wangu, akaigeuza.

"Hii ni nini, mzee?"

"Ya kuchezea gemu, afande."

"Wewe? Unacheza na nani?"

"Na mke wangu."

Akaangalia mvi zangu. "Iko wapi huyo mke?"

"Bwera."

"Sasa unasimama hapa ya nini? Enda!"

Nilimkuta dukani akipatana na mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka. Hakunisalimu, alinirushia kitenge nikikunje. Nikakunja. Mteja akanipima kwa macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni bwana yangu. Amekuja kulima."

Walicheka sana, wote wawili. Nikakunja cha pili.

Mchana alifunga duka, akawasha tivii yake ndogo. Shamba lilikuwa pale tulipoliacha kabla ya siku iliyopotea, kahawa imeiva tena kana kwamba sikuwahi kuigusa.

"Nifanye nini?" nikauliza.

"Beba maji."

Alipanda mteremko kuvuna. Mimi nikabeba. Mto ulikuwa mbali kuliko nilivyouchora. Jua la gemu lilipozama alikwenda kulala, nami nilikuwa nimebakiza mstari mmoja wa maharagwe.

"Baba, njoo siku iishe."

Nikaacha ndoo, nikaenda.

Sasa mimi ndiye ninayesafiri kila Ijumaa. Mgongo unauma, vumbi linakaa kwenye koo, na barabara ni ndefu kama alivyosema. Juzi nilifika jioni, miguu imevimba, viatu mkononi. Alikuwa anapima kitambaa.

"Umekuja," akasema bila kuinua macho.

"Nimekuja," nikajibu, nikapita nyuma kutafuta rimoti yangu.