Ukuta Uliokataa Kukauka

Meza ya mama ilikuwa chini ya dirisha la jikoni, na kila alasiri jua liliposhuka likapenya kwenye pazia, vitu vilivyokuwa juu yake vilionekana kama vinaelea ndani ya chai. Kulikuwa na kipande cha utepe, na ua lililokaushwa likawa jepesi kama ganda la kitunguu, na kadi ya mwaliko ambayo mende walikwisha kula pembe yake moja. Mama alivishika kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akavipaka gundi ya unga aliyoipika mwenyewe, akavilaza kwenye kurasa nene na kuvikandamiza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Ujuzi huo hakuuokota njiani. Ujana wake wote wa kazi aliumalizia katika kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba cha kujalidi vitabu, na alijua kwamba kitabu cha kubandikia kumbukumbu hakishonwi kama daftari. Lazima utie vipande vya karatasi ngumu mgongoni, kati ya ukurasa na ukurasa. Usipofanya hivyo, siku utakapokijaza vitu kitakataa kufunga, kitabaki mdomo wazi kama mbea aliyenyimwa habari. Cha kwake kilifunga sawasawa. Kilikuwa kitabu cha harusi yake mwenyewe. Kilikuwa kimechelewa miaka yote ya ndoa, na sasa kilifanywa mbiombio kwa sababu binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi, naye alitaka kiwekwe mlangoni mwa ukumbi. Wakwe wapya walikuwa wanakuja kutoka mbali. Binti alitaka wajue ametoka kwa watu gani.

"Mama, hapa mbona pako wazi?" binti aliuliza siku hiyo, akigeuza kurasa kwa kidole kilicholowa. "Huku kuna picha ya nyumba ya babu. Huku umeshavaa shela. Katikati hakuna kitu."

"Katikati kuna kazi," mama akajibu. "Na toa kidole hicho chenye mate kwenye karatasi yangu."

Binti akacheka, akaenda zake kujaribu viatu. Mama akabaki anautazama ule ukurasa mweupe. Alijua vizuri sana kilichopaswa kuwa pale, na ndicho kilichomnyima raha.

Zamani hizo, baba yake alimtafutia mchumba, karani wa ofisi ya ardhi, kijana safi, mpole, mwenye mashati meupe yasiyojua kuchafuka. Posa ikapokewa. Ikasemwa kwamba sebule ya nyumba, ile inayotazama barabara, ipakwe rangi kabla ya sherehe. Shangazi wakaja kupanga viti, baba akapanga wageni, karani akapanga rangi: nyeupe ya maziwa. Ni ajabu jinsi nyumba nzima inavyoweza kuhangaika kwa ajili ya msichana bila hata mtu mmoja kumhangaikia yeye. Alipita katikati yao na sinia la vikombe kama anayepita ndotoni, ndoto ya mtu mwingine.

Kisha akaja fundi rangi. Alikuwa kijana mwembamba, na ngazi aliyoibeba begani ilionekana nzito kuliko yeye. Aliweka makopo yake chini, akaukagua ukuta, akamgeukia msichana aliyekuwa anaondoa vikombe.

"Na wewe, dada, unataka rangi gani?"

Msichana alitazama nyuma yake kuona kama anaambiwa mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Akafikiri sana, kwa maana hakuwa na mazoea ya kuulizwa. Mwishowe akasema anataka rangi ya mbingu pale mvua inapokuwa imekatika na jua halijaamua kutoka.

Mtu mwingine angemcheka. Fundi alichukua kipande cha ubao, akaanza na nyeupe, akadondosha buluu, akadondosha kijivu, akakoroga, akapaka, akamwonyesha. Msichana akatikisa kichwa. Akachanganya tena. Walikwenda hivyo mpaka ubao ukawa na mabaka kama chui, na baka la mwisho lilipotokea fundi akaacha kukoroga. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Karani aliambiwa kwamba nyeupe ya maziwa imekwisha madukani.

Sasa, kazi ya rangi ya mafuta ina sheria yake: mkono wa pili, yaani tabaka la juu, haupakwi mpaka wa kwanza ukauke. Kila asubuhi baba alimwambia binti yake, "Hebu kashike ukuta. Umekauka?" Asubuhi ya kwanza msichana akabandika kiganja chake ukutani. Ulikuwa mkavu kama mfupa. Nyuma yake, fundi alikuwa amesimama mlangoni na brashi yake, tayari kumalizia kazi na kuondoka.

"Bado, baba," akasema. "Bado mbichi."

 Fundi aliifudikiza ndoo yake, akaikalia, akaanza kusugua fremu ya dirisha kwa msasa, fremu ambayo hakuna mtu aliyemwomba aisugue. Na kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Fremu zikawa laini kama sabuni. Wakazungumza. Alimwambia jinsi buluu inavyokataa kukaa juu ya nyekundu, jinsi chumba cheusi kinavyoweza kufunguliwa kwa dari jeupe. Mikono yake ilinuka tapentaini, na hadi leo mama akiisikia harufu hiyo dukani husimama kidogo, asahau alichofuata.

Siku zikapita, wageni wakaahirishwa, shangazi wakaanza kununa. Ndipo karani alipokuja kujionea mwenyewe. Aliingia sebuleni, akawasalimia wote wawili, na kwa kuwa alikuwa amechoka na jua, akauegemea ukuta. Halafu akakumbuka, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akavua shati lake kwa uangalifu, akaligeuza mgongo. Shati lilikuwa jeupe pepepe.

Akalitazama shati, kisha ukuta. Akamtazama msichana, ambaye macho yake yalikuwa yameganda sakafuni. Alikuwa mtu mwema, karani yule, na mtu mwema hujua pia kusoma. Alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote, akatoka nje kwa baba.

"Mzee, ukuta ule hautakauka mimi nikiungoja," alisema, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Baba alikuja akiwaka hasira. Kabla hajavuka kizingiti kuushika ukuta kwa mkono wake mwenyewe, fundi alikwishasimama mbele yake.

"Ni mimi, mzee. Nilizidisha mafuta kwenye kopo. Nimeiharibu."

Alifukuzwa pamoja na ngazi yake mchana kweupe, majirani wakitazama. Tangu siku hiyo akaitwa Fundi Bado. Jina likamtangulia kila alikokwenda. Watu walimpa mageti, mabanda, madawati ya shule; sebule hawakumpa, nani anataka kungoja mpaka apate wajukuu? Alipokuja na mjomba wake kuposa, mwaka ukiwa umepita, baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwambieni bado," akasema. Mama yake msichana ndiye aliyemaliza maneno. "Rangi yake haijabanduka hata chembe," alisema. "Mtu anayepaka hivi hawezi kuwa mzembe. Kuna jambo, na mimi silitaki kulijua." Wakaoana.

Hayo ndiyo yaliyopaswa kuwa kwenye ukurasa mweupe.

Siku mbili kabla ya harusi alikuja kaka mkubwa wa mama, mtu wa tumbo na vicheko, ambaye angetoa nasaha kwa niaba ya familia. Alileta picha moja ya kuongeza kwenye kitabu, akakaa, akaomba chai.

"Jumamosi nitawavunja mbavu," alisema akipuliza kikombe. "Si unaijua ile yangu? Shemeji yangu alipewa chumba kimoja akipake. Alipomaliza, mzee alikuwa ameota mvi na msichana wa nyumba ameshakuwa mke wa fundi. Bado!"

Mume wa mama, aliyekuwa anapita na makopo, alicheka pamoja naye. Alicheka kama alivyocheka kwenye kila shughuli ya ukoo, macho yakiwa chini, ndani ya kopo. Mama aliyaona macho hayo. Alikuwa ameyaona miaka na miaka, lakini Jumamosi yangeonwa na watu wapya, na hao nao wangeanza kumwita Bado, na wajukuu watakaozaliwa wangeurithi huo utani kama rangi ya ngozi.

Kaka alipoondoka, mama alimfuata mumewe kibarazani. Mumewe, sasa mzee, alikuwa anaosha brashi.

"Nataka kuandika ukweli wa ukuta."

Hakuinua kichwa. "Mama watoto, jina hilo limeshakauka mwilini. Ukilibandua sasa utanitoa na ngozi."

"Kaka atasimama Jumamosi, ataanza tena."

"Na aanze. Watu wakicheka harusini kuna ubaya gani?"

"Wanakucheka wewe."

"Nimezoea."

"Mimi sijazoea," akasema mama. "Na sitaki kuzoea."

Mzee alikung'uta brashi. "Wakisoma, watasema ulimdanganya baba yako. Ulikuwa mchumba wa mtu. Watu hawasahau vitu kama hivyo, hata mtu akizeeka. Mimi nililibeba jina ili usibebe wewe. Ukiandika, nitakuwa nimebeba bure."

"Hukubeba bure. Umebeba vya kutosha." Akamwekea mbele kipande cha karatasi ngumu. "Nichanganyie ile rangi."

Mzee akaweka brashi chini. Kisha akaenda akaleta nyeupe, na buluu, na kijivu. Mikono yake ilikuwa imezeeka, lakini ilipoanza kukoroga haikukosea. Hakuuliza kama ndiyo au siyo. Jua lilikuwa limelala juu ya ukuta wa jirani, kuku wa jirani walikuwa wakijitafutia pa kulala, na ndani ya kifuniko cha kopo, polepole, mbingu ya zamani ikaanza kujikusanya. Mama aliiona ikija, akashika nguzo ya kibaraza. Kwa kitambo kidogo hakuwa na umri wowote.

Kesho yake alikibandika kipande hicho katikati ya ukurasa, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa kiwandani, ulionyooka: *Rangi ilikauka usiku uleule. Ni mimi niliyemwambia baba kila asubuhi kwamba bado. Fundi hakuharibu kitu. Nilisema bado kwa sababu nilitaka abaki.*

Akamwita mumewe asome kabla gundi haijashika. Alivaa miwani, akasoma, akarudia. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Nilitaka abaki," akasoma kwa sauti. "Nani? Mimi?"

"Kulikuwa na fundi mwingine?"

Akavuta kiti, akakaa. "Mimi siku zote nilidhani ulikuwa unamkimbia karani. Nilidhani mimi ni ngazi tu iliyokuwa karibu na dirisha. Na baadaye, kwa kuwa nilifukuzwa kwa ajili yako, ukaona unilipe fadhila."

Mama alimtazama mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja maisha yote. Miaka yote hiyo alikuwa ameweka kifuani jambo zito kama hilo, na hakuwahi kulisema hata akiwa na homa.

"Fadhila?" akasema. "Fadhila gani ya kufua ovaroli zako mpaka leo? Karani alikuwa mtu mwema, sikuwa na sababu ya kumkimbia. Ila yeye aliniambia rangi. Wewe uliniuliza."

Mzee akavua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kitabu kiliwekwa juu ya meza ya mlangoni, na kaka mkubwa, kama kawaida yake, alifika wa kwanza kwenye kila kitu. Aligeuza kurasa akiguna na kutabasamu, mpaka akafika pale. Alisoma akiwa ameinama, kisha akajinyoosha polepole, akamtafuta dada yake kwa macho.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimcheka nani?"

"Mimi, kaka," akasema mama. "Endelea tu."

Hakuendelea. Zamu yake ilipofika alisimama, akakohoa, akashika kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa samaki hai. "Nilikuwa na hadithi," akasema. "Nimegundua leo kwamba sikuwa naijua. Anayeijua yuko pale mlangoni."

Watu wakageuka. Mzee, ambaye kwenye harusi zote za ukoo alikaa viti vya nyuma karibu na jiko, alikuwa amesimama kando ya meza ndani ya koti lake la kuazima. Hakuwa amesikia. Alikuwa amekifungua kitabu kwenye ukurasa ule, kama alivyokuwa akiwafungulia wageni wote tangu waanze kuingia, na alikuwa anamweleza baba wa bwana harusi jinsi rangi ile inavyopatikana: unaanza na nyeupe, buluu inafuata kwa matone, kijivu usikiharakishe.

"Nzuri sana," mkwe alisema, akiigusa kwa kidole. "Lakini rangi ya mafuta namna hii si inachelewa kukauka?"

Mama alikuwa mbali, kati ya wanawake, lakini ukumbi ulikuwa kimya, na alilisikia jibu la mumewe waziwazi.

"Haichelewi," alisema Fundi. "Ilikauka usiku uleule. Mke wangu ndiye aliyenitaka nibaki."