Jina Lililotoka Kwenye Karatasi

Kila Jumamosi mimi huoka mkate wa altare, na pamoja nao humpelekea kasisi karatasi ya majina ya kuombewa: walio hai upande huu, marehemu upande ule. Kwa miaka thelathini, jina lililofuata ya wanangu lilikuwa Polixeni. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la sita. Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyeshuka kutoka kwao mlimani kila alfajiri na maziwa ya mbuzi, akayaweka mlangoni, akaenda zake bila kugonga.

Alipokwisha kuwazika wazazi wake, akaniambia anakwenda Athene kwa madaktari, kwa kuwa tangu utotoni alijijua ni mwanamume. Nililia, nikasali, kisha nikamuuliza kama ataumia sana. Akacheka. Mimi na mume wangu tukabaki na mbuzi wake miaka miwili.

Amerudi majira haya ya baridi akiwa na ndevu za mvi na jina la Modesto, mtakatifu anayelinda mifugo. Ila kijijini hakushuka. Alijificha kule juu kwao wiki mbili nzima.

"Asimina," aliniambia, "wakinicheka siku moja tu, nauza mbuzi, narudi Athene. Sina tena umri wa kuchekwa."

Nami nawajua watu wetu. Niliogopa kumpoteza.

Jumamosi iliyofuata nilichukua karatasi mpya. Upande wa walio hai nikaandika Modesto, Polixeni nikamwacha, maana sikuona vema kumpa Mungu jina ambalo mwenye nalo amekwisha liweka chini. Sikukumbuka kwamba karatasi hupitia kwa mama Garifalia, mtunza mishumaa wa kanisa, ambaye jicho lake halipitwi na kitu. Aliona Polixeni hayumo kati ya walio hai. Hakuniuliza. Misa ilipokwisha, kijiji kizima kilijua kwamba Polixeni amefia Athene, na kwamba mimi naficha kwa uchungu.

Jumatatu asubuhi niliwaona wanawake saba wenye nguo nyeusi wakipanda katika theluji na konyaki, mikate mikavu na sinia la ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu. Walikuwa wameona moshi nyumbani kwake, wakadhani kaka yake Polixeni amekuja kufunga nyumba. Nikawakimbilia, lakini magoti yangu si ya kukimbia. Nilipofika, Modesto alikwisha fungua mlango, ndoo ya maziwa mkononi.

"Mungu amrehemu Polixeni, na ninyi mbaki na uhai," mama Garifalia alikuwa akisema. Akamtazama machoni.

"Ni mimi, mama," akasema Modesto. "Siku hizi naitwa Modesto."

Nilishika kamba yangu ya sala, nikiwaona akilini mbuzi wake wameshapakiwa kwenye lori.

Mama Garifalia akaketi kizingitini, akalia kwa sauti.

"Usiku kucha nimekulilia, mpumbavu wewe. Nimechemsha ngano kilo tatu."

"Niwie radhi, mama. Sikufa."

Mmoja akaguna kwa kicheko, kisha wote. Mama Garifalia akajifuta uso kwa mtandio, akainuka, akamgusa shavu.

"Ndevu zinawasha?"

"Kiangazi, sana."

"Marehemu mume wangu vilevile." Akaingia ndani bila kukaribishwa.

Tulikunywa konyaki ya matanga. Ngano ikaliwa, na marehemu mwenyewe ndiye aliyekwangua sinia. Walimuuliza mengi, mengine ya kijinga, akajibu aliyotaka. Kumcheka walimcheka, lakini alicheka nao, na mkono wa mama Garifalia haukutoka gotini pake.

"Jumapili ushuke kanisani," mama Garifalia akamwambia walipoaga. "Upande wa wanaume wamebaki wazee wanne, na mmoja haoni. Hakuna hata wa kubeba ikoni ya mtakatifu."

"Na mbuzi atawakamua nani?"

"Asimina."

Jumapili hiyo nilikamua mbuzi thelathini na mmoja nikisikia kengele kwa mbali. Mungu anisamehe, sijawahi kukosa misa kwa furaha kama ile.