Sinema ya Swaumu

Lukumani aliipiga picha Tabora nzima: maharusi wa mtaani kwake Ng'ambo, wanamgambo na bunduki zao za mbao, hata mbuzi wa mwenyekiti wa tawi. Mkewe, Swaumu, hakumpiga picha. "Si yupo tu hapa nyumbani!" alikuwa akisema. Uzembe wa namna ile, jamani, unatia hasira mpaka leo.

Mara moja tu, siku ya Idi, alimpiga picha kwa kamera ya sinema aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao. Swaumu alikuwa na kanga mpya nyekundu, anacheka, mkono mdomoni. Filamu za rangi zilikuwa zikisafishwa Nairobi. Kabla hii haijapelekwa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Na mpaka ukiwa bado umefungwa, Swaumu akafa kwa uzazi, yeye na kichanga chake.

Bi Mwanamkuu, mama yake Swaumu, hakuwa na picha yoyote ya mwanawe. Akawa haishi kuja kuuliza. "Nataka kumwona uso tu, baba. Umeanza kunipotea."

Lukumani akaamua kuisafisha mwenyewe, nyumbani. Yule mwalimu alimwachia pia makopo ya dawa za rangi na maelekezo yake. Tatizo lilikuwa moja: magadi ya kuchanganya dawa ya pili, ile ya kutoa rangi, yalikuwa yamelowa mvua na kuharibika. Mengine utayapata wapi, na enzi zile hata sabuni ilikuwa ya kupigania kwenye foleni? Akaenda kwa jirani yake Kashindye, mpika sabuni, akapewa kostiki soda, ambayo ni kali kuliko magadi mara nyingi. Akaikoroga kwenye maji, akaipima kwa vidole namna alivyozoea kupima dawa zake: ikiteleza, imekubali. Ikateleza.

Chumba cha giza kilikuwa ndicho chumba chake cha kulala, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, kwa hiyo Bi Mwanamkuu alikaa ukumbini, akimpitishia maji ya moto mlangoni.

Dawa ya kwanza ikafanya kazi. Lukumani akatoka na mkanda unachuruzika maji, akauinua kwenye mwanga, akampa mama mkwe lenzi. Palipopaswa kuwa peupe palikuwa peusi, na peusi pakawa peupe, lakini mwanamke alikuwepo, mkono mdomoni.

"Ni yeye, wallahi," Bi Mwanamkuu akasema, machozi yanamtoka. "Baba, si uache hapa hapa?"

Na angeweza! Dawa yake ya kila siku ya kuzuia picha isifutike ilikuwa pale pale rafuni. Angeutia mkanda humo, kesho yake angechapa uso wa Swaumu kwenye karatasi, hauna rangi lakini ni uso, mama mtu akauning'inize ukutani. Lukumani alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini domo lake lilikuwa limeshawatangazia watu wa barazani kwamba Ng'ambo itatoa sinema ya rangi.

"Mama, kanga ilikuwa nyekundu," akasema. "Na mimi nataka nimwone alivyokuwa. Subiri kidogo tu."

Akarudi chumbani, akawasha taa, maana hatua hiyo haihitaji giza, akautumbukiza mkanda kwenye beseni la dawa ya pili. Kwanza ukatulia. Kisha ule utando wenye picha ukavimba, ukajikunja, ukabanduka kama malai juu ya maziwa. Akauvuta mkanda haraka. Alichobaki nacho mkononi ni plastiki tupu.

"Tayari?" Bi Mwanamkuu akauliza kutoka ukumbini. "Baba, tayari?"

Akaingia, yeye ambaye hajawahi kuvuka kizingiti kile tangu binti yake aolewe.

"Yuko wapi?"

Lukumani akaonyesha beseni. Maji yalikuwa ya kijivu, vipande laini vinaelea. Halafu kwa aibu, kwa kutojua la kufanya, akalinyanyua akayamwage mtaroni.

"Weka chini," akaambiwa. Mama hakupaza sauti. "Mwanangu humwagi mtaroni."

Bi Mwanamkuu akaketi sakafuni, akavua mtandio wake akalifunika beseni, akamwambia atoke nje.